Mwaka Niliosahau Kumeza

Zaina alinipigia simu asubuhi, nikiwa na kipande cha chapati mdomoni, akaniambia mama yake amefariki. Nikasema innalillahi huku natafuna, nikamaliza kutafuna, nikameza, ndipo nikakaa chini nikalia. Mtu mwingine angeona ni kukosa adabu, kupokea msiba na chakula mdomoni. Mama Zaina mwenyewe angecheka mpaka kanga imdondoke, maana hakuna aliyejua kama yeye kwamba kulikuwa na wakati ambapo mimi, Hadija, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, mwenye mdomo huu usionyamaza, nilishindwa kumeza punje ya wali. Tena kushindwa kwangu nusura kumfukuze yeye katika mji huu. Ya wazazi wangu na ya utoto wangu nitayaacha, hayana neno. Nataka mwaka mmoja tu, tisini na moja, nilipokuwa na miaka ishirini na nikijiona najua kila kitu.

Nilikuwa nimepanga chumba uani, mlango wangu ukitazamana na wa Mama Zaina. Yeye alikuwa mjane, mzaliwa wa Ujiji, aliyemfuata mume Kigali na kubaki hapa mume alipokufa. Kazi yake ilikuwa kupika. Arusi, hitima, maulidi, mtaa mzima ulikula kutoka mkononi mwake, na siku za kawaida aliuza chakula cha mchana palepale uani, kwenye mkeka, mbele ya majiko yake mawili ya mkaa. Fundi wangu, Mzee Sudi, aliyenifundisha kazi ya kushona, alikula hapo kila siku, na mimi pamoja naye. Siku moja mwezi wa kwanza alitupikia mgebuka, samaki mkavu aliyeletewa kutoka Bujumbura, kwa nyanya na mawese. Nilikuwa nawasimulia kuhusu mteja mmoja aliyetaka gauni la kiuno alichokuwa nacho kabla ya watoto watano, nikacheka, tonge likaenda na mwiba wake, pumzi ikakata. Nakumbuka macho ya Mzee Sudi yakitoka, kisha kiganja chake mgongoni mwangu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu mwiba ukaruka pamoja na damu kidogo. Watu wakasema alhamdulillahi, wakaendelea kula. Mimi sikuendelea.

Nilidhani ni kwa siku hiyo tu. Kesho yake nilipotia tonge mdomoni koo lilifunga, na si kwamba liliuma, la, lilikataa tu. Nikatafuna mpaka ugali ukawa maji, nikahesabu mara arobaini, bado nikautema kwenye leso. Wiki ile niliacha nyama, iliyofuata nikaacha wali, ikifika mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa naishi kwa uji mwepesi, chai ya maziwa na mchuzi niliouchuja kwa kitambaa cha kitenge. Popote nilipokwenda nilibeba chupa ya maji kwenye mkoba. Nililala nusu nimekaa, nikaketi karibu na mlango kila mahali, ili nikikabwa nitoke nje watu wanione. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mtu mzima anaogopa kumeza? Niliona haya, na haya ile ndiyo iliyoleta balaa lote, si samaki.

Halafu Ramadhani ikaingia, na naweza kusema bila aibu kwamba sijawahi kuipenda Ramadhani kama ile. Mchana hakuna aliyekula, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Jioni nilikunywa uji, tende nikaitia chini ya ulimi mbele ya watu na kuitema baadaye chumbani. Mwezi ulipokwisha nikafunga sita za Shawali, kisha nikaongeza Jumatatu na Alhamisi. Mtaa ukanisifu. Bi Mwajuma, mke wa Mzee Sudi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu hata akinong'ona, alikuwa akiwaambia binti zake wamtazame Hadija, dunia ameitupa mgongoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha macho kama mchamungu kweli. Nilikuwa nakufa njaa na kupokea pongezi.

Sifa zina mwisho. Nilipofika mahali ambapo pete ilidondoka kidoleni nikiwa nakata kitambaa, na sketi nimeifunga kwa pini tatu, Bi Mwajuma alibadili mawazo. Akanikalisha sebuleni kwake, kwenye viti vyake vyenye vitambaa vya kufuma, akaniuliza kwa upole nimeanza lini kukosa hamu ya chakula, na nilikuwa nimekula wapi. Ningeweza kusema naogopa. Ningeweza kusema ni mwiba. Nilijibu, nikitazama zulia, "Tangu wale samaki wa Mama Zaina." Basi. Kwa mtu wa mji mwingine hayo ni maneno ya kawaida. Kwetu sisi, mtu aliyekonda baada ya kula kwa fulani, tena fulani huyo mgeni, mjane, amefiwa na mume ghafla, jibu lake linajulikana kabla ya swali: amelishwa sumu. Ndiyo maana mpaka leo mwenye nyumba wa Kigali hakupi kinywaji wala chakula kabla ya kuonja yeye kwanza mbele ya macho yako. Ni heshima, na pia ni ushahidi.

Walinipeleka kwa mgombozi, ndivyo tunavyowaita wanaotoa sumu tumboni. Alikuwa mzee mpole mwenye chumba safi, akaninywesha majani machungu mpaka nikatapika, akachungulia beseni akasema ameiona. Mimi nilichoona ni nyongo, lakini nani angenisikiliza? Nilirudi nyumbani koo limechubuka na woga umeongezeka mara mbili, na jioni ile ile mtaa ukajua kwamba sumu imeonekana. Hakuna aliyemtukana Mama Zaina. Watu wetu hawatukani. Waliacha tu kuja. Mkeka ukabaki mtupu, masufuria yakageuzwa. Mzee Sudi alianza kula nyumbani kwake akitazama chini. Yule mama alinijia chumbani na kikombe cha uji, akaonja mbele yangu, akaonja tena, akaonja mara ya tatu, akaniambia, "Mwanangu, niambie nilichokukosea." Nikasema hakuna. Akaniuliza kwa nini basi siwaambii watu. Nikanywa ule uji, akaenda zake.

Daktari wa zahanati alinimulika koo, akanipima, akasema halina kitu. Nilidhani ataishia hapo, lakini alinipa jina la mwanamke mmoja aliyekuwa akiona watu kila Alhamisi mchana huko Gikondo, kwenye chumba alichoazimwa nyuma ya kanisa. Mwaka ule vita vilikuwa kaskazini na njiani kulikuwa na vizuizi, mtu alitoa kitambulisho hata akienda kwa fundi viatu, kwa hiyo kufika Gikondo hakukuwa matembezi. Nilikwenda nikitegemea dawa nyingine chungu. Nikamkuta Madamu Leokadia, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyekulia Bukavu na kusomea Ubelgiji mambo ya akili za watu, amekaa kati ya magunia ya maharage. Dirisha lilitazama gereji, na nyundo za mafundi zilimkata maneno kila baada ya sentensi. Alinisikiliza mpaka mwisho, yote, mpaka tende ya chini ya ulimi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kabla yake.

"Koo yako haina kitu," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Lakini siwezi kukuambia weye hauna kitu. Uko na woga. Ni ugonjwa kama ingine, na iko na dawa, ila dawa yenyewe utaifanya weye."

Akanitaka nimeze mate mara tano mfululizo, haraka, bila maji. Ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu kwa shida, ya tano ikakataa kabisa na mimi nikashika shingo na kutafuta mlango. Yeye akafanya vilevile mbele yangu, akakwama ya tano, akacheka. Akanieleza kwamba koo la kila binadamu hukataa likilazimishwa, kwamba mimi nilikuwa nalisikiliza langu kutwa nzima na kila likikataa nikajiambia ndiyo nakufa. Kuanzia hapo tulikuwa tunatafuta ukweli, si kubembeleza. Nilinunua daftari la shule. Upande wa kushoto niliandika ninachosema kitatokea, upande wa kulia kilichotokea kweli. Kisha tukachora ngazi. Chini kabisa uji mzito, nikaupa woga wa kumi na tano katika mia. Juu yake ndizi ya kuponda, wali, kiazi kitamu, mkate mkavu, nyama. Kwenye kipago cha juu kabisa aliniuliza niandike nini, nikaandika mwenyewe bila kufikiri: samaki wa Mama Zaina, uani kwake, watu wakitazama. Nikaupa mia. Alisoma, akaniambia tuanze na uji.

Zoezi la mate nililipeleka kwenye duka letu la ushonaji, na hapo ndipo nilipoanza kupona, nina hakika. Nilimwambia Mzee Sudi ameze mara tano. Akakwama ya nne. Akamwita mteja aliyekuja kupima kanzu, naye akakwama. Ikawa mashindano, wanaume watano wazima wamesimama kati ya cherehani wamenyoosha shingo kama kuku wanywao maji, kila mmoja anaapa yake ilipita. Nilicheka mpaka nikasahau kushika chupa. Usiku ule niliandika kulia: watu wote koo zao zinakataa, na hakuna aliyekufa dukani. Mwezi wa sita nilikula ndizi ya kuponda. Mwezi wa saba nikala wali, vijiko sita, jasho likinitoka, na kila Alhamisi Madamu alinigombeza kuhusu kitu kimoja: ile chupa. Alisema nikinywa maji baada ya kila tonge sitajua kamwe kama ningeweza bila maji. Nilimjibu kwamba yeye hajawahi kukabwa. Akasema ni kweli, hajawahi, lakini chupa itabaki kwake. Akaiweka juu ya gunia la maharage na hajanirudishia mpaka leo.

Wiki hiyo hiyo nilianguka. Nilikuwa nakula kiazi kitamu peke yangu, bila chupa, kikasimama kifuani, kavu, kizito. Nikakimbia nje, nikatema, nikaapa sirudi Gikondo tena. Alhamisi mbili sikwenda. Nilirudi kwenye uji na kujihurumia, na nilikuwa hodari sana wa kujihurumia. Alhamisi ya pili nilikuwa nyuma ya pazia la duka napiga pasi, Bi Mwajuma akiwa mbele na mwenzake, wakizungumzia maulidi iliyokuwa inakuja. Nilisikia kwamba mpishi ameshapatikana mwingine. Nilisikia kwamba Mama Zaina ameuza sufuria lake kubwa, na baada ya maulidi anarudi kwao Ujiji, na Zaina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ataachishwa shule. Mwenzake akasema huenda wamemwonea. Bi Mwajuma akamjibu kwamba yeye hana chuki na mtu, lakini Hadija mwenyewe alisema, kwa mdomo wake, palepale kwenye zulia. Pasi iliunguza mkono wa kanzu ya watu, na hiyo ni kanzu ya kwanza na ya mwisho niliyounguza maishani.

Nilitoka na pasi mkononi nikawaambia nilisema ni samaki, sikusema sumu, nilikabwa na mwiba na tangu siku hiyo naogopa kumeza, basi, ni woga. Wakanitazama kwa huruma. Bi Mwajuma akanishika bega akasema mtu aliyelishwa huwa anamtetea aliyemlisha, ndivyo dawa zao zinavyofanya kazi. Hapo nikaelewa kwamba maneno yangu yaliyomwangusha yule mama hayatatosha kumwinua. Nilikuwa na ushahidi mmoja tu wa kuwapa, na ushahidi huo ulikuwa juu kabisa ya ngazi. Nikarudi Gikondo mbio.

Madamu hakunilaumu. Aliniuliza kile kiazi kilifanya nini baada ya kusimama kifuani. Nikasema nilikitema. Akasema hapana, kile kipande cha kabla yake, kilichokuwa kimeshateremka. Nikafikiri. Kilipita, nikasema. Akaniambia niandike. Tulikuwa na wiki saba na tulizitumia zote. Nilikula mkate mkavu mbele yake, nyundo za gereji zikipiga. Nilikula kiazi kile kile kila siku kwa siku tisa mpaka kikanichosha badala ya kunitisha. Nilikula nyama nimekaa katikati ya chumba, mbali na mlango. Kisha Alhamisi moja akaja na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wa kukaanga kwenye kikaratasi, tukala wawili, na kichwa na miiba, na nilipomwambia mikono yangu inatetemeka akasema acha itetemeke, haiombwi kumeza. Kuhusu kipago cha juu alinionya jambo moja, kwamba nisingoje woga uishe ndiyo niende. Utakuja na mimi, alisema, niupe nafasi ukae.

Siku ya maulidi mtaa ulijaa, watu na kanzu zao, nyingi nimeshona mimi. Baada ya dua, pilau la mpishi mpya likigawiwa upande wa pili, Mama Zaina alitandika mkeka wake uani kama nilivyomwomba, akiwa na vazi jeusi na uso wa mtu aliyekwishafunga mizigo, na kweli mizigo ilikuwa mlangoni. Alikuwa amepika mgebuka kwa mawese, samaki mmoja, kwa masharti yangu. Njia ya kwenda msikitini inapita mbele ya ua ule, na mimi nilimwambia Mzee Sudi asimame hapo asiondoke. Akasimama. Waliopita wakamwona amesimama, nao wakasimama, na Bi Mwajuma akaja kutazama watu wanatazama nini. Niliketi. Woga ulikuwa tisini. Kushoto kwenye daftari, asubuhi ile, nilikuwa nimeandika: nitakabwa, nitakufa mbele ya watu, na Mama Zaina atauawa kwa ajili yangu.

Mama Zaina aliweka sahani katikati yetu, akanyoosha mkono aonje kwanza. Alikuwa amezoea kuonja mara tatu miezi ile yote, hata chai. Nilimshika kifundo cha mkono. Nadhani hakuelewa, alijaribu kuuvuta, nikaushikilia, na kwa mkono wangu wa kulia nikamega samaki ambaye hakuna mtu aliyemwonja, nikatia mdomoni. Kuna mwiba, bila shaka kulikuwa na mwiba, nikausikia kwa ulimi, nikautoa kwa vidole viwili nikauweka ukingoni mwa sahani watu wote wauone. Nikatafuna, sikuhesabu. Koo likafunga. Nikangoja, sikutafuta mlango wala maji. Likafunguka, nikameza. Nikamega tena. Mara ya tatu ndipo niliposikia ladha, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, na nikasema, "Mama Zaina, chumvi imepungua."

Akanikazia macho, machozi yameshajaa. "Miezi minane hujala," akasema, "leo ndiyo unanifundisha chumvi?"

Mzee Sudi ndiye aliyecheka kwanza. Akavua viatu, akakaa mkekani, akamega, bila kungoja mtu aonje. Yule mteja wa kanzu akafuata, na wengine, samaki akabaki mifupa, Zaina akatumwa ndani kuleta ugali wowote uliokuwapo. Bi Mwajuma alikaa mwisho wa wote. Alikula tonge moja akakubali kwamba kweli, chumvi imepungua, na kutoka kwake hiyo ilikuwa samahani. Mizigo ikarudishwa ndani jioni ile. Alhamisi nilimpelekea Madamu daftari, upande wa kulia wa mstari wa mwisho nimeandika maneno matatu tu: chumvi ilikuwa pungufu. Alivua miwani akacheka mpaka fundi wa gereji akachungulia dirishani.

Yaliyoipata nchi miaka mitatu baadaye si ya sura hii, na sijui kama nitaweza kuyaandika. Nitasema mawili. Madamu Leokadia sikumwona tena, chumba cha magunia nilikikuta wazi, na nimemtafuta. Na ile wiki ambayo watu walikuwa wakijificha wasiuawe, chumba cha Mama Zaina kilikuwa na watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemtaka aonje kwanza. Kama angekuwa Ujiji, wangekuwa wapi? Woga wa siku zile ulikuwa wa kweli, na niliutambua kwa sababu wa uongo nilikuwa nimeshaujua sura. Hilo nililipata Gikondo.

Tulimzika Mama Zaina kabla ya alasiri. Baada ya hitima, Zaina, sasa bibi wa watu mwenye mvi, alileta sahani kwenye mkeka, katika ua ule ule wa njia ya msikitini. Wageni walikuwa wengi, vijana wasionijua. Alikuwa amepika mgebuka kwa mawese. Akanyoosha mkono aonje kwanza, kama desturi, nikamshika kifundo. Alinitazama, akakumbuka, akaacha mkono wake utulie katika wangu. Nikamega, nikatafuta mwiba kwa ulimi, nikautoa, nikameza. Chumvi ilikuwa imetosha, na hapo ndipo nilipolia.